Kutia moshi taa za nyuma na kubadili herufi za gari mwenyewe, kwa sisi wa nyanda za juu

Nikiegesha gari Mwanjelwa, hapa Mbeya, hata dakika kumi, lazima aje mtu. "Kaka, hizo taa umepaka au umenunua hivyo hivyo?" Wa pili anauliza kama trafiki hawanisumbui. Wa tatu hana habari na taa, anataka kujua herufi za nyuma, yale maandishi ya jina la gari, nilizing'oaje bila kuchubua rangi. Nimeyajibu maswali haya mpaka mdomo umechoka, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii kwenye simu na kuendelea na chipsi zangu.

Gari langu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, zile za 2002 hadi 2007. Hatua hizi zinafaa pia kwa Vitz, Passo, Premio, Noah na nyingine za aina hiyo. Kinachotofautiana sana ni mahali nati zilipojificha.

Video nyingi utakazoziona zimerekodiwa kwenye gereji zenye joto, au Dar, ambako gundi inashika yenyewe. Ukifuata maelekezo hayo Uyole asubuhi ya Julai, au Makete, au Mafinga, kila kitu kitabanduka. Gundi na rangi haziipendi baridi, na umande haziutaki kabisa. Fanya kazi hii kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, siku ya jua, pasipo na vumbi.

Amua kwanza: stika au spree?

Njia za kutia taa moshi, yaani kuzipa giza kidogo, ni mbili. Ya kwanza ni filamu ya kubandika, ambayo watu wengi wanaiita stika ya taa. Ya pili ni spree ya kopo inayopuliziwa juu ya plastiki. Ukiniuliza mimi, anza na stika. Ukikosea unaibandua, unapangusa, unaanza upya. Spree ukikosea umenunua taa nyingine.

Hilo nimelilipia. Mara ya kwanza nilipuliza spree nyeusi tabaka nne, nikajiona nimeua. Jioni moja tukawa tunakwenda Tukuyu, mjomba yuko nyuma yangu na Hiace. Tulipofika Isyonje ukungu ukashuka, kama kawaida yake. Nikakanyaga breki, na mjomba akaja kusimama pua kwa bampa. Akashuka, hata salamu hakunipa. "We mtoto, huku nyuma yako hakuna gari, kuna giza tu." Wiki hiyo hiyo nilitafuta taa za mtumba nikazifunga.

Sababu ni rahisi. Kwenye gari nyingi za Kijapani zenye balbu za kawaida, taa ya nyuma ina balbu moja yenye nyuzi mbili: wa wati 5 unawaka ukiwasha taa za usiku, wa wati 21 unawaka ukikanyaga breki. Aliye nyuma yako anajua unasimama kwa kuona tofauti ya mwanga huo. Filamu inayopitisha nusu ya mwanga inakuachia nusu. Ukirudia tabaka la pili imebaki robo, na hapo breki yako inafanana na taa ya kawaida ya mwenzako. Sasa mfikirie dereva wa lori la mzigo wa Zambia anayeshuka Iwambi nyuma yako. Chukua filamu nyepesi, ile ambayo ukiiweka juu ya gazeti bado unasoma bila kukunja uso, na ubandike tabaka moja tu.

Usivifunike hivi

- Rifleta, vile vipande vyekundu vinavyorudisha mwanga. Gari likizima usiku betri imekufa, rifleta ndiyo taa pekee uliyonayo. Kwenye gari nyingine iko ndani ya taa yenyewe, nyingine iko kwenye bampa. Mulika kwa tochi ya simu ukiwa umeishika karibu na jicho: panapong'aa sana ndipo penyewe.
- Taa ya breki ya juu, iliyo kwenye kioo au spoila.
- Taa nyeupe ya rivasi na taa ya namba ya gari.
- Namba yenyewe. Usiitie plastiki ya giza, usiisogeze, usiipambe.

Na hili ndilo jibu la swali la trafiki. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na trafiki hahitaji kuijua filamu yako. Anakuambia kanyaga breki, washa indiketa, na asipoona vizuri mmeanza mazungumzo. Kubadili herufi peke yake hakumhusu mtu. Kubadili rangi ya gari zima ni habari nyingine, kwa sababu rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari na lazima TRA wairekebishe.

Vitu vya kuandaa

Kwa herufi: draya ya nywele (azima saluni), mshipi wa kuvulia samaki kama mita moja, selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, mafuta ya taa kidogo, spiriti ya duka la dawa, vitambaa laini visivyotoa manyoya, dawa ya kung'arisha rangi, na gundi ya pande mbili ya magari. Ile ya sponji nyeupe ya kubandikia mabango ukutani achana nayo. Ya magari ni ngumu, nyingi zina rangi ya kijivu au nyeusi, na karatasi yake ya juu aghalabu ni nyekundu.

Kwa taa: spana namba 10, bisibisi ya nyota, filamu, chupa ya kupulizia maji, shampuu ya mtoto, wembe mpya, na kadi ya plastiki iliyovishwa kitambaa.

Kwa spree, ongeza msasa wa maji namba 800, 1000 na 2000, kopo la rangi ya kutia moshi taa (siyo rangi nyeusi ya kawaida!), kopo la klia (vanishi ya mwisho isiyo na rangi), glavu na barakoa.

Kung'oa herufi

Anza na herufi hata kama roho iko kwenye taa. Zitakufundisha mkono.

1. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, ikauke. Vumbi la barabarani ni msasa. Ukilisugua juu ya rangi litachora.

2. Bandika selotepu ya karatasi chini ya mstari wa herufi, sawasawa na kitako chake, kisha piga picha. Ukitaka kurudisha herufi baadaye, hiyo ndiyo rula yako. Watu wengi hurukia hatua ya tatu, halafu wanabandika maneno yanayopanda mlima.

3. Kagua kama kuna pini. Herufi ndogo kwa kawaida zimeshikwa na gundi tu, lakini nembo kubwa mara nyingi ina pini mbili zinazoingia kwenye matundu ya bati. Ukiing'oa bila mpango wa kuziba, mvua itaingia ndani ya mlango na kutu itaanza kimyakimya. Kama hujui, nembo iache.

4. Pasha joto kwa draya dakika 2 au 3, umbali wa kiganja kimoja, huku unaizungusha. Bati liwe na joto ambalo bado unaweza kuliwekea mkono. Umeme ukikatika, loweka kitambaa kwenye maji ya moto, kamua, kandamiza juu ya herufi, rudia mara tatu au nne. Usimwage maji yanayochemka. Yakigusa kioo cha nyuma kikiwa na baridi ya asubuhi, kioo kinaweza kupasuka.

5. Pitisha mshipi nyuma ya herufi, ushike ncha mbili, uvute huku na huku kama msumeno. Ukikwama, ongeza joto, siyo nguvu. Bisibisi na kisu vikae mbali. Kila gari lenye mchubuko pale nyuma, ukiuliza, utasikia "nilitumia bisibisi kidogo tu".

6. Gundi iliyobaki isugue kwa kidole gumba ikiwa bado ya moto, itajikunja kama kamasi. Inayogoma, ipake mafuta ya taa kwa kitambaa, subiri dakika 5, pangusa, kisha osha kwa sabuni. Thina usiiguse. Inalainisha rangi, hasa kwenye gari lililowahi kupakwa upya mtaani.

7. Utaona kivuli cha herufi. Rangi iliyokuwa chini yake haikupigwa na jua, kwa hiyo ina sura tofauti na jirani zake. Sugua kwa dawa ya kung'arisha, taratibu, kwa mduara. Kivuli kitapungua. Kwenye gari jekundu lililofubaa huenda kisiishe, na hapo bora upange herufi mpya zikae palepale.

Ukiwa hapo nyuma na draya mkononi, toa na zile stika za nyota za Kijapani kwenye kioo. Zinahusu moshi wa injini kwa viwango vya Japani, na zimekaa hapo tangu gari lishuke melini. Ila kama kioo kina zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, tumia kucha. Wembe utazikata.

Kuweka herufi mpya

Una chaguo tatu: kupaka nyeusi zile za zamani, kununua mpya, au kukatiwa stika na fundi mwenye mashine. Mimi napenda kupaka za zamani, zinakaa kama zilizaliwa pale. Unachoandika ni shauri lako, lakini kuandika "V6" kwenye IST ya 1.3 ni kuwachekesha mafundi tu.

1. Kama unapaka, sugua herufi kwa msasa 800 wenye maji mpaka mng'ao wa kromu uishe. Kromu inayong'aa haishiki rangi. Puliza tabaka tatu nyembamba, dakika 15 kati ya moja na nyingine, kisha ziache zikauke mpaka kesho yake.

2. Kata gundi ya pande mbili kwa umbo la herufi, ndogo kidogo kuliko herufi yenyewe ili isichungulie.

3. Panga herufi zote juu ya selotepu ya karatasi kwanza, ukizitazama kutoka hatua tano nyuma. Mwite mtu mwingine atazame pia. Jicho lako limeshazoea makosa yako.

4. Futa bati kwa spiriti na usiguse tena kwa vidole. Lipashe joto. Huku kwetu hatua hii hairukwi.

5. Toa karatasi ya gundi, bandika, kandamiza kila herufi sekunde 30.

6. Gundi hufikia nguvu kamili baada ya siku 3 hivi. Kwa siku hizo usiende kuosha gari kwa mashine ya presha. Na hata baadaye, mwambie kijana wa kuoshea asiielekeze presha kwenye kingo za herufi.

Kutia taa moshi kwa stika

1. Toa taa. Zima gari, fungua buti. Kwenye gari ndogo nyingi za Toyota utaona skrubu au nati mbili pembeni mlango ukiwa wazi. Kwenye gari nyingi za saluni, zile zenye buti linalojitokeza nyuma kama Premio, nati ziko ndani ya buti, nyuma ya zulia. Baada ya nati kutoka, taa bado imeshikwa na pini za plastiki. Vuta kwa mikono miwili kuelekea nyuma, moja kwa moja, bila kupinda. Pini zinavunjika kirahisi kukiwa na baridi, basi acha gari lipigwe jua kwanza.

2. Zungusha soketi za balbu zitoke, na uziache zining'inie garini. Weka selotepu penye matundu, maji yasiingie ndani ya taa. Angalia ule mpira unaozunguka mgongo wa taa: kama umechanika, huu ndio wakati wa kuushughulikia.

3. Osha taa kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti. Unyoya mmoja ukibaki chini ya filamu utauona kila siku ya maisha yako.

4. Kata filamu kubwa kuliko taa kwa sentimita 3 kila upande. Kama rifleta iko ndani ya taa, chora umbo lake kwenye filamu na ulikate sasa, ikiwa bado mezani.

5. Matone machache ya shampuu ndani ya nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Puliza kwenye taa na kwenye upande wa gundi wa filamu. Maji haya ndiyo yanayokuruhusu kuitelezesha mpaka ikae sawa.

6. Bandika katikati kwanza. Kwa kadi, sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Penye kona, pasha draya kidogo, vuta filamu kwa upole, kandamiza mpaka ipoe ukiwa bado umeishikilia. Ukiivuta sana itakuwa nyepesi hapo na nzito kwingine, na usiku mabaka yataonekana.

7. Kunja kingo kuelekea mgongo wa taa na ukatie huko nyuma kwa wembe. Usikatie juu ya uso wa taa. Hii ndiyo sababu ya kuitoa taa: anayebandika taa ikiwa garini lazima akatie usoni, anachora plastiki, na kingo zinaanza kubanduka mvua ya kwanza ya Novemba.

8. Iache ndani ya nyumba usiku mmoja. Kesho yake rudisha soketi, sukuma taa mpaka pini ziingie, funga nati kwa kiasi. Ukikaza kama nati ya gurudumu, plastiki itapasuka.

Kwa wabishi wa spree

1. Toa taa kama hapo juu, osha, kisha isugue kwa msasa wa maji 800, halafu 1000, mpaka uso wote uwe mweupe bila sehemu inayong'aa. Usishtuke. Klia itaurudisha. Rifleta ifunike kwa selotepu ya karatasi.

2. Futa kwa maji na sabuni. Thina hapa pia hapana: plastiki ya taa inapasuka nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi.

3. Kopo likiwa la baridi, rangi inatoka kwa matone. Litumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, ambayo mkono unavumilia kabisa, dakika 10, kisha litikise dakika 2. Usiliweke karibu na jiko la mkaa wala la gesi. Litalipuka.

4. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, ukianza kupuliza nje ya taa na kumalizia nje ya taa. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu tu. Subiri dakika 20. Tabaka la pili, kisha simama. Ukiona "bado kidogo", hapo ndipo mimi nilipoharibu.

5. Klia tabaka tatu. Subiri siku 3, kisha msasa 2000 wenye maji kidogo sana, na dawa ya kung'arisha.

Kupima kabla ya kwenda barabarani

Mwombe mtu akae garini. Wewe rudi nyuma hatua 100. Awashe taa za usiku, kisha akanyage breki na kuachia mara kadhaa bila kukuambia ni lini, nawe utaje kwa sauti kila anapokanyaga. Rudia saa 7 mchana jua likiwa limepiga taa moja kwa moja, maana watu wengi hupima usiku tu, na usiku kila taa inaonekana kali. Ukikosea hata mara moja, bandua filamu. Picha ya simu isikudanganye, kamera inaongeza mwanga yenyewe.

Matatizo yanayojitokeza sana

Mapovu chini ya filamu: madogo ya maji huondoka yenyewe baada ya siku chache za jua. La hewa litoboe kwa sindano, kandamiza.

Kingo zinabanduka: ulibandika kukiwa na baridi au hukufuta kwa spiriti. Pasha, kandamiza. Zikirudia, anza upya.

Spree imekuwa nyeupe kama maziwa: unyevu umenaswa. Ulipuliza mapema asubuhi au mvua ilikuwa inanukia. Wakati mwingine draya kidogo inairudisha, vinginevyo ni msasa.

Uso kama ganda la chungwa: ulisimama mbali sana au kopo lilikuwa la baridi. Msasa 2000 na dawa ya kung'arisha.

Ukungu ndani ya taa baada ya kuirudisha: mpira wa nyuma haukukaa, au soketi haikuzungushwa mpaka mwisho. Toa, kausha kwa draya, rudisha vizuri.

Indiketa inapepesa haraka haraka: ama balbu moja haigusi, ama umeweka balbu za LED. LED inakula umeme mdogo, gari linadhani balbu imeungua. Dawa yake ni rezista, kifaa kidogo cha kula ule umeme uliopungua, ambayo huwa ya moto sana, kwa hiyo ifungwe kwenye bati na isiguse plastiki wala waya. Na ukiweka LED nyuma ya plastiki nyekundu, chagua LED nyekundu, nyeupe zinatoa rangi ya waridi iliyopauka.

Herufi moja imedondoka njiani: kama picha ya hatua ya pili bado unayo, huna shida. Kama huna, pima nafasi kati ya herufi zilizobaki kwa kipande cha karatasi, ukate gundi mpya, na safari hii upashe bati joto kwanza.